Lazimisheni Kinachotulinda: Barua ya Wazi kwa Bodi ya Bluetooth

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Bodi,
Bluetooth Special Interest Group,
Kirkland, Jimbo la Washington, Marekani.

YAH: MAOMBI YA KUYAFANYA YA LAZIMA MAMBO MLIYOYAACHA YAWE YA HIARI

Waheshimiwa,



Nawaandikia kutoka Kariakoo, Dar es Salaam, ambako kazi yangu ni ufundi wa simu. Nimeamua barua hii isomwe na yeyote, kwa sababu inawahusu watu wengi ambao hata hawajui kwamba mpo. Mnunuzi wa Mtaa wa Aggrey anaifahamu nembo yenu ya buluu. Hajui kwamba nyuma ya nembo hiyo kuna chombo chenye bodi, chenye kampuni wanachama zaidi ya 40,000, na chenye mamlaka ya kuamua nani aitumie na kwa masharti gani. Akipata hasara humlaumu muuza duka, au fundi, au hujilaumu mwenyewe. Wakati umefika lawama ipelekwe inakostahili.

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwaka 1998 kampuni tano, yaani Ericsson, IBM, Intel, Nokia na Toshiba, zilikaa pamoja na kukubaliana juu ya redio moja ndogo ya masafa ya gigahezi 2.4 badala ya kila moja kuja na waya wake. Redio hiyo huruka kutoka chaneli moja hadi nyingine mara 1,600 kwa sekunde, katika chaneli 79, ili vifaa vingi vizungumze ndani ya chumba kimoja bila kuvurugana. Matunda yake tumeyala. Enzi ambazo bando lilikuwa anasa, vijana wetu walirushiana nyimbo, mawaidha na picha za harusi kutoka simu hadi simu bila kulipa hata senti. Leo sabufa ya kibanda cha chipsi, redio ya daladala na spika ya mwalimu wa kwaya zote zinaitegemea kazi yenu.

Na kwa nini spika ya bei ya chini kabisa inakubali muziki wa simu yoyote ile? Kwa sababu mlilazimisha. Kanuni zenu za kupeleka muziki zinasema kila kifaa lazima kiwe na kodeki, yaani njia ya kubana na kufungua sauti, iitwayo SBC. Mtengenezaji anaruhusiwa kuongeza kodeki nyingine, ila hiyo haruhusiwi kuiacha. Sharti hilo moja ndilo lililoifanya spika ya muuza matunda ielewane na simu ya mkurugenzi.

Hapo ndipo hoja yangu yote iliposimama. Mlipoweka sharti, mwenye nacho na asiye nacho walipata kitu kilekile. Mlipoacha hiari, mwenye nacho alipata, asiye nacho akakosa, na maboksi yao yote mawili yana nembo ileile. Malalamiko yangu ni haya.

1. Nembo haimwambii mnunuzi ananunua nini.

Boksi linaandikwa "Bluetooth 5.3" au "5.4" kwa herufi kubwa, na mnunuzi anaamini kwamba namba kubwa ni uwezo mkubwa. Sivyo. Namba hiyo inataja toleo la kanuni lililofuatwa. Haisemi ni uwezo upi kati ya ulioelezwa humo umewekwa ndani ya kifaa. Msingi wa LE Audio, mfumo wenu mpya wa sauti, uliwekwa katika toleo la 5.2 mnamo Januari 2020, na kanuni zake zikakamilika Julai 2022. Hata hivyo kifaa cha 5.4 kinaweza kuuzwa leo bila LE Audio na kisivunje kanuni yenu hata moja.

Kutuma mafaili nako ni vilevile. Njia ya kurushiana picha na nyimbo kwa Bluetooth imo katika kanuni zenu tangu mwanzo, na simu za Android zinaitumia. Simu za iPhone haziikubali. Mtu mwenye simu hizo mbili anaona zote zimewasha Bluetooth, zinaonana, na faili haliendi. Nembo ni moja, ahadi ni mbili, na hakuna aliyemwambia kabla hajatoa pesa yake.

Tunaomba: pigeni marufuku namba ya toleo kusimama peke yake kwenye boksi. Chini ya nembo paandikwe kwa maneno ya kawaida kifaa kinafanya nini: muziki, mazungumzo ya simu, kutuma mafaili, vifaa vya usikivu, matangazo ya sauti kwa wengi. Kisichofanywa kisitajwe, na mnunuzi aone pengo kwa macho yake.

2. Usalama wetu mmeuacha mikononi mwa aliye dhaifu zaidi.

Hili ndilo zito kuliko yote, naomba mlisome kwa utulivu.

Vifaa viwili vinapounganishwa kwa Bluetooth ya kawaida, vinaafikiana urefu wa ufunguo utakaoficha mazungumzo yao. Kanuni zenu ziliruhusu ufunguo wa baiti 1 hadi 16, na maafikiano hayo yenyewe yalifanyika bila kinga. Agosti 2019 watafiti watatu, Daniele Antonioli, Nils Ole Tippenhauer na Kasper Rasmussen, walionyesha shambulio walilolipa jina la KNOB: mtu aliye karibu anaweza kujipenyeza katikati na kuvifanya vifaa vyote viwili vikubali ufunguo wa baiti 1. Ufunguo huo una uwezekano 256 tu, na kompyuta yoyote inaujaribu wote mara moja. Kosa hilo halikutoka kwa mtengenezaji mvivu. Vifaa vilivyodukuliwa vilikuwa vinatii kanuni zenu.

Mlirekebisha kwa kupendekeza ufunguo usiopungua baiti 7. Tunashukuru, lakini kanuni za kwanza zilitoka mwaka 1999. Miaka 20 ilikuwa imepita. Mei 2020 watafiti walewale wakaleta BIAS: mvamizi anajifanya kifaa ambacho simu yako ilishawahi kukiamini. Novemba 2023 Antonioli akaleta BLUFFS, shambulio linalogusa toleo la 4.2 hadi la 5.4. Ni majeraha ya ukoo mmoja: ili kifaa cha zamani kisiachwe nyuma, kifaa kipya kinakubali kushushwa hadi kiwango chake.

Mwezi uliofuata, Desemba 2023, mtafiti Marc Newlin alitangaza udhaifu mwingine. Simu ya Android yenye Bluetooth iliyowashwa inaweza kuunganishwa na kibodi bandia bila mwenyewe kuulizwa chochote, kisha mvamizi akaichapia amri zozote zisizodai nywila wala alama ya kidole. Mtafiti alieleza kwamba hitilafu zilikuwa za mifumo ya simu, lakini njia ya kuunganisha bila uthibitisho imo ndani ya kanuni zenu. Simu za Android 11 na kuendelea ziliandaliwa kiraka cha kuziba udhaifu huo. Za Android 10 kurudi nyuma, mpaka 4.2.2, hazikupata.

Sasa zitazameni simu hizo za Android 10 na za chini yake zilipo. Hazipo kwenye makumbusho. Zinauzwa kama mitumba hapa mtaani, zinarithishwa kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa sekondari, zimo mfukoni mwa bodaboda na kwenye meza ya mama lishe. Na kwa watu hawa simu ndiyo benki: mshahara, mchango wa msiba, ada ya shule na mtaji wa kesho vyote vinapita humo. Mnapoandika kwamba tatizo limetatuliwa, mnawasemea wanaobadilisha simu kila baada ya miaka miwili. Wasioweza kubadilisha wamebaki palepale, na hakuna aliyewaambia angalau wazime Bluetooth wasipoitumia.

Umoja wa Ulaya umeona hatari hii. Sheria yake ya mwaka 2024 kuhusu ustahimilivu wa mtandao inawataka watengenezaji wa vifaa vya kidijitali kutoa masasisho ya usalama kwa muda ambao kwa kawaida haupungui miaka 5, na masharti yake makuu yataanza kutumika Desemba 2027. Kama jambo hilo linawezekana kwa mnunuzi wa Berlin, linawezekana kwa mnunuzi wa Tandika, maana kiwanda ni kilekile.

Tunaomba mambo matatu. Kwanza, kila kifaa kipya kidai ufunguo wa baiti 16, na kikilazimika kushuka kimwonye mtumiaji na kusubiri ruhusa yake. Pili, haki ya kutumia nembo yenu ifungamane na ahadi ya masasisho ya usalama kwa miaka isiyopungua 5 tangu kifaa kilipouzwa mara ya mwisho kikiwa kipya. Tatu, kila udhaifu unapotangazwa, toeni maelezo mafupi ya nini mtu wa kawaida afanye, kwa lugha ambazo watu wanazisoma, Kiswahili kikiwemo.

3. Wasiosikia vizuri wamengojeshwa, na bado wanangoja.

Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 430 wana upotevu wa kusikia unaohitaji huduma, na karibu asilimia 80 yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Yaani wengi wao wako huku kwetu, hawako huko Kirkland.

Kwa miaka mingi watu hawa walikuwa nyasi chini ya tembo wawili. Apple ilikuwa na njia yake ya kuunganisha shimesikio, yaani kifaa cha usikivu, na iPhone. Mwaka 2018 Google ikatangaza njia yake kwa ajili ya Android. Zote zilipanda juu ya Bluetooth, na hazikuelewana. Mgonjwa alilazimika kuuliza shimesikio yake inaikubali simu ipi kabla ya kuuliza simu hiyo anaimudu.

LE Audio ilikuja kumaliza hali hiyo. Kodeki yake ya LC3 inatoa sauti safi kuliko SBC kwa data kidogo zaidi, kwa hiyo betri ndogo ya kifaa cha sikioni inadumu. Auracast, iliyomo ndani yake, inawezesha kisambazaji kimoja kupeleka sauti kwa wasikilizaji wasio na kikomo cha idadi. Fikirieni maana yake katika Stendi ya Magufuli pale Mbezi, tangazo la basi linapotolewa katikati ya kelele za injini. Fikirieni hotuba ya Ijumaa, misa ya Jumapili, darasa lenye watoto themanini. Kwa mwenye usikivu hafifu, spika kubwa inayorudisha mwangwi ni kelele tu. Sauti hiyohiyo ikimfikia moja kwa moja sikioni, ni maneno.

Mmejenga kitu chema, kisha mkakiacha kiwe cha hiari. Matokeo yake LE Audio imeanza kwenye simu za bei ya juu, ilhali wanaoihitaji zaidi wananunua za bei ya chini. Na msikiti au kanisa litanunuaje kisambazaji cha Auracast iwapo waumini wake hawana cha kupokelea?

Tunaomba: tajeni tarehe. Baada ya tarehe hiyo, simujanja yoyote mpya yenye nembo yenu, ya bei yoyote, iweze kuunganishwa na shimesikio za LE Audio na kumsaidia mtumiaji kupokea Auracast. Mliweza kuilazimisha SBC ili watu wacheze muziki. Lazimisheni hii ili watu wasikie.

4. Vifuatiliaji viliingia sokoni kabla ya kinga.

Aprili 2021 Apple ilianza kuuza AirTag, na kampuni nyingine zina vya kwao. Ni kidude kidogo kinachotangaza uwepo wake kwa Bluetooth, na simu za wapita njia humpelekea mwenyewe habari za mahali kilipo. Kwa funguo na mizigo ni msaada mkubwa. Lakini haukupita muda watu wakaanza kuvificha kwenye mikoba na magari ya wanawake ili kuwawinda, na kufikia Desemba 2022 kesi ilikuwa imefunguliwa mahakamani Marekani.

Mwanzoni onyo la moja kwa moja kwamba unafuatiliwa lilimfikia mwenye iPhone pekee. Mwenye Android alipewa programu Desemba 2021, na alitakiwa aifungue mwenyewe na kutafuta, yaani ashuku kwanza ndipo alindwe. Apple na Google walipendekeza kanuni za pamoja Mei 2023, na maonyo ya pande zote mbili yakaanza Mei 2024. Ni miaka mitatu tangu AirTag ianze kuuzwa. Na kanuni hizo zilianzishwa na kampuni mbili, hazikuanzishwa na ninyi wenye redio yenyewe.

Bado kuna mtu mmoja asiyelindwa na lolote katika hayo: mwanamke mwenye kitochi. Simu yake haitamwonya kamwe. Kinga yake pekee ni mlio wa kifuatiliaji chenyewe.

Tunaomba: kifaa chochote kilichotengenezwa kwa ajili ya kufuatilia kisipewe nembo mpaka kitimize kanuni hizo za pamoja, kilie kwa sauti inayosikika ndani ya mkoba mapema kinapokuwa mbali na mwenyewe, na kiache kufanya kazi pale spika yake inapong'olewa.

5. Bidhaa bandia zinavaa nembo yenu mchana kweupe.

Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizima simu bandia nchini kwa kutumia namba za IMEI. Kenya ilishafanya hivyo mwaka 2012. Spika za masikioni, saa zisizotumia laini na sabufa hazina IMEI, hivyo hazikuguswa. Yeyote mwenye mashine ya kuchapa anaweza kuweka nembo yenu kwenye boksi. Mnayo orodha ya bidhaa zilizoidhinishwa, iko wazi kwa umma, lakini imewekwa kwa ajili ya wahandisi. Mama aliyesimama mbele ya meza ya bidhaa hawezi kuitumia.

Tunaomba: kila boksi liwe na msimbo wa kuskani unaofungua ukurasa mmoja mwepesi, kwa Kiswahili pia, unaosema kifaa hiki kimeidhinishwa au hakikuidhinishwa. Kwa wasio na simujanja, shirikianeni na mamlaka zetu za mawasiliano ili jibu lipatikane kwa ujumbe mfupi.

6. Ada zenu zinambana mdogo.

Hili nitalisema kwa ufupi. Uanachama wa daraja la chini ni bure, na kanuni zenu zinasomwa bure. Ni jambo la kupongezwa. Lakini kuidhinisha bidhaa moja kunagharimu maelfu ya dola, na mwanachama wa daraja la bure hulipa zaidi kwa kila bidhaa kuliko kampuni kubwa inayolipia uanachama wa mwaka. Kijana aliyemaliza Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam (DIT) na kubuni kipima unyevu cha ghala la mahindi analipa zaidi kwa bidhaa yake kuliko jitu la dunia. Pangeni ada kwa kipimo cha mauzo na pato la nchi, ili vifaa vya huku vitengenezwe na watu wa huku.

Waheshimiwa, najua jibu mtakalolitoa. Mtasema ninyi mnaandika kanuni tu, na uamuzi ni wa watengenezaji. Jibu hilo halitoshi. Nembo ni mali yenu kisheria. Hakuna anayeruhusiwa kuitumia bila kuwa mwanachama na bila bidhaa yake kuidhinishwa. Mwenye mamlaka ya kutoa ruhusa ana mamlaka ya kuweka sharti, na SBC ni ushahidi kwamba mmeshaitumia mamlaka hiyo na dunia nzima ikafaidika.

Mtasema pia kwamba masharti yataongeza bei, na atakayeumia ni huyuhuyu ninayemtetea. Nawajibu kwamba bei tayari anailipa. Anailipa anaponunua kifaa kisichofanya alichodhani, anapotumia simu isiyo na kiraka, anapobaki kimya ndani ya msikiti kwa sababu hasikii. Na sharti likiwa la wote, kinachotengenezwa kwa mamilioni hushuka bei. Karibu vifaa bilioni 5 vya Bluetooth vilitarajiwa kuingia sokoni mwaka 2024 pekee. Kwa wingi huo, hakuna chombo duniani kinachoweza kushusha gharama ya usalama kama ninyi.

Kwa mamlaka zetu ninazozipelekea nakala, nina ombi moja. Msisubiri Kirkland. Vifaa vya mawasiliano vinapita kwenu kupata idhini kabla ya kuuzwa. Wekeni kwa pamoja, nchi zote za Afrika Mashariki, sharti la miaka ya masasisho na la maelezo kwenye boksi. Soko la nchi moja mtengenezaji anaweza kulipuuza. Soko la kanda nzima hawezi.

Kama Bodi itatekeleza jambo moja tu mwaka huu, basi liwe la pili: ufunguo kamili na masasisho ya miaka 5. Mengine yanatunyima faida. Hilo linatuweka hatarini kila siku simu inapowashwa. Naomba mjibu hadharani, kama nilivyoandika hadharani, mkitaja mtakachokifanya, tarehe ya kukifanya, na nani atawajibika.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa simu,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Nakala:
Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA)
Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya
Tume ya Mawasiliano ya Uganda
Shirika la Mawasiliano la Afrika Mashariki (EACO), Kigali